Mwalimu wa Kwaya Apimwa Presha

Mama, hamjambo huko Kisii? Joto la Doha limetupika tukaiva. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada kanisani hapa Mesaimeer, Marcia, nesi wa London mwenye asili ya Jamaika, alitupima presha. Anasema Weusi wa huko London huchelewa kusikilizwa hospitalini, kwa hivyo hupimana wenyewe, hata kwa kinyozi.

Mwalimu wetu wa kwaya akakataa. "Damu yangu inalindwa na Yesu!"

"Basi tumsaidie kuichunga," Marcia akasema, akamfunga kipimo mkononi.

Mashine ikasoma mia mbili! Tukamkimbiza kliniki. Sasa anameza dawa na kula mchuzi usio na chumvi huku amenuna.

Mpeleke Baba akapimwe. Afadhali nije Desemba nimkute amenuna, kuliko nije kusikia akisifiwa kwenye mazishi.

Nawapenda sana,
Kwamboka