Kiti cha Msoma Ramani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Bado naamka namtazama Kristian wangu kama vile nimemwazima. Leo kaniletea zawadi — si kitenge, si hereni — helmeti! Msoma ramani wake kapata kazi Tanga, na Jumamosi ndiyo mbio za magari, kutoka hapa Lushoto hadi Mtae. Anataka kile kiti cha kushoto nikikalie mimi. Anasema barabara ile naijua kuliko yeye, nimeitembea kwa miguu miaka minne ya sekondari. Kazi yangu ni kumsomea daftari la kona. Moja ni kona kali kabisa, sita ni nyepesi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 15 Julai

Aibu! Tumeingia kwenye kabichi za Mama Secilia, huku Magamba. Hakuna aliyeumia. Kosa ni langu. Kona ilikuwa kulia mbili, na mimi, mwali niliyefundwa vizuri, nikaanza: mume wangu, samahani, naomba hapo mbele upunguze kidogo, kuna...

Kuna kabichi.

Fundi Amiri, anayetutengenezea gari, alikuwa juu ya tuta akitutazama. Alicheka hadi akakaa chini.

“Shemeji, kona haingoji uombe.”

Halafu akanieleza kwa upole. Ndani ya gari hakuna tafadhali. Dereva ana mikono, msoma ramani ana neno, na neno liwe fupi. Mama Secilia akasema tumesamehewa, harusi bado haijatutoka kichwani. Kristian wala hakusikia. Alikuwa ananitoa majani ya kabichi shingoni, moja moja. Jamani, huyu mtu!

Alhamisi, 17 Julai

Napenda! Napenda! “Kulia tatu. Kushoto mbili. Breki.” Na anakanyaga! Yeye ndiye kiongozi wa timu, lakini nikisema breki hata haulizi kwa nini. Amiri anasema huo ndio uongozi mgumu kuliko wote, kumwachia mwenzio neno. Nami nina mtihani wangu: gari likiteleza nisipige kelele, macho yabaki kwenye daftari. Nimwamini. Moyo wangu unadunda kama siku ile kanisani.

Lakini jioni... Tulikuwa tunafanya mazoezi mezani, nikasahau tuko wapi. “Kristian, kaza!” Jina lake, mbele ya wakwe! Mzee Tobia, baba mkwe, akaweka kijiko chini. Akamwambia mwanawe kwa Kishambaa kwamba mwali hajamaliza mwezi ameshaanza kuamrisha. Bora kiti akikalie Dotto, mdogo wake Kristian. Gari ni la Mzee. Akisema Dotto, ni Dotto. Kristian macho kwenye sahani. Hakunitetea. Nililia jikoni, kidogo tu.

Ijumaa, 18 Julai

Mama mkwe wangu oyee! Leo kwenye chai, taratibu kabisa, huku anamenya kiazi:

“Baba Kristian, utingo wako alikuwa anakuomba?”

Mzee aliendesha lori la mboga hadi Mombo miaka mingi. Utingo nyuma anapiga bodi, anapaza sauti: rudi, kata kulia, simama! Na Mzee anasimama. Mzee akajibu kwamba utingo hakuwa mke wake.

“Hakuwa. Na ulimsikia.”

Mzee akaomba sukari. Ndipo Kristian akainua kichwa. Akasema akikaa na Dotto gari litakuwa na wakubwa wawili na hakuna msikilizaji. Hatimaye alisema! Nilitaka kumbusu palepale. Heshima ikanizuia. Na Mzee hakumtaja Dotto tena.

Jumamosi, 19 Julai, saa tano asubuhi, ndani ya gari

Naandikia magotini. Hatua ya kwanza tumemaliza wa nne kati ya kumi na moja! Wa nne! Dotto karuka hadi kofia ikapotea.

Sasa tunangoja hatua ya pili na ukungu umeshuka. Pua ya gari siioni. Waandaaji wanasema kila timu iamue yenyewe. Wawili wamejitoa. Kristian kanigeukia: “Sema wewe.”

Kabla sijasema, Mzee Tobia kaja dirishani. Upande wangu! Nikamwamkia. Hakumtazama mwanawe.

“Mkwe, barabara unaiona?”

Nikamwambia ukweli. Hadi kona ya tisa naiona kichwani, hata nikifumba macho. Ya kumi mvua iliikata upya, sina hakika nayo. Hapo nitasema simama, hata kama tunaongoza.

Akamgeukia Kristian. Kristian kajibu kabla hajaulizwa:

“Nitasimama, Baba.”

Mzee kagonga bodi mara mbili kwa kiganja, kama utingo anayesema twende, karudi nyuma. Mwenye bendera anatuita. Kristian kawasha, ananingoja nise—