Shujaa Wangu Haponi

Yaya Mado, dada yangu, uko salama? Huku Kolwezi vumbi linaingia mpaka kwenye meno.

Leo nimekula mtaani Dilala kwa Mama Ngalula, anayeuza ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo huku akisoma riwaya za mapenzi. Ya leo ina mwanamume mwenye usonji: anapendwa, anapona, anaoa.

"Uongo!" akafoka. "Bwana yangu iko vile. Sombe ikigusa bukari, hakuli. Mi namupakulia sahani mbili. Hakupona, na tunapendana."

Akaniona nami natenganisha chakula changu, akaniletea sahani ya pili bila kuuliza.

Mchapishaji anataka shujaa wa riwaya yangu, mwenye usonji kama mimi, apone kabla ya harusi. Haponi ng'o!

Nakukumbatia kwa mbali, unanijua. Mwambie mama nikirudi nyumbani sahani zangu mbili aziweke mezani, hata wageni wakiwepo.