Kwa Baba Yetu Bartolomayo Ndahani, Uliyewasikiliza Ndege wa Mlimani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotuaga nyumbani Kibakwe. Mahindi ya msimu huu yamebeba vizuri, na kule juu msitu umejifunika ukungu, kama ulivyoupenda.

Wengi walikujua kama Mzee Ndahani wa ndege. Walitoka Dodoma mjini, Mpwapwa na hata nchi za mbali ili uwaongoze kutazama ndege, wakalala chumba cha uani. Kabla jua halijachomoza ulikuwa umeshavaa sweta lako la kijani lililotoboka viwiko, unawauliza kama wamevaa soksi nzito. Mama alikusihi ulitupe sweta lile. Ukamjibu, "Mama Yudith, ndege wamenizoea na hili. Nikivaa jipya watauliza huyu ni nani."

Tuliipenda namna yako ya kufanya kazi. Ukingoni mwa msitu, pale miti inapoanza kuota ndevu za kuvu matawini, uliwakalisha wageni, ukawamiminia chai na kuwapa sharti moja: hakuna kusema mpaka kikombe kiishe. Mkubwa kwa mdogo, wote walinyamaza. Hukuwahi kuwaita ndege kwa sauti ya kwenye simu, kama wengine wafanyavyo. Ulisema ndege ana watoto wa kulisha, si haki kumkimbiza kumtafuta mwenzake ambaye hayupo.

Chai ikiisha, mtani wako Kefa, dereva wa wageni, hakukuacha. "Mgogo gani huyu! Kwenu jua linapasua mawe, huku unajifanya mwenyeji wa baridi. Na ukimwona kwale unamtazama tu, humli!" Nawe ulimjibu bila hata kugeuka: "Nyie Wahehe kila chenye miguu ni kitoweo. Tangu ufike, mbwa wa jirani simwoni." Wageni wasioujua utani walishtuka kwanza, kisha wakacheka kuliko wote.

Halafu masikio yakaanza kukuacha. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Kurumbiza aliimba juu ya kichwa chako, nawe ukaendelea kutembea. Hatukuthubutu kusema. Wewe mwenyewe ulijua, na tuliona ulivyoogopa. Kwako, kuambiwa usipande tena mlima kungekuwa sawa na kufukuzwa nyumbani.

Ungeweza kuficha. Wageni wasingejua. Lakini safari iliyofuata, vikombe vikiwa bado mikononi mwao, wewe mwenyewe ulivunja sharti la kimya. "Wageni wangu, masikio yangu yamezeeka. Wenye sauti nyembamba siwasikii tena. Kijijini yupo kijana hodari. Anayemtaka, mimi mwenyewe nitampeleka kwake, na hatutagombana."

Kefa ndiye aliyeanza: "Miaka yote nakuomba chai ya pili hunisikii, leo ndiyo unakiri?"

Mwalimu Mwantum, mstaafu aliyetoka Kondoa kila mwaka kuja kupanda nawe, akaweka kikombe chini. "Mzee Ndahani, mimi macho hayaoni mbali, wewe masikio hayasikii. Tukiunganishwa tutapata mtu mzima mmoja. Haya, tangulia."

Ukatangulia. Mimi, binti yako Yudith, nilitembea nyuma yako kwa sababu Mama alinituma, na kwa sababu sikuwa mtu wa kuongea mbele za watu. Kurumbiza alipoimba, nilikugusa kiwiko upande ilikotoka sauti. Ulisimama. Ulitazama matawi ya chini, yenye kivuli, ukanyoosha kidole taratibu, na hapo akaonekana, kifua chake kama rangi ya chungwa. Mwalimu Mwantum aliinua darubini, akakaa nayo muda mrefu. Ulininong'oneza, "Bado anaimba?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ukatabasamu kana kwamba umemsikia.

Tulipanda hivyo tangu siku ile, wewe na macho yako, nasi kwa zamu nyuma ya kiwiko chako. Wageni hawakupungua. Waliokuja walisema walikuwa hawajapata kuongozwa na mtu mkweli namna ile.

Ulipougua na kulala, Mama ndiye aliyekaa nawe. Yeye hakuwahi kupanda mlima ule hata siku moja. Alisema baridi ile ni ya wendawazimu. Lakini kila alfajiri alifungua dirisha, akaketi kando ya kitanda. Ndege wa uani walipoanza, alikugusa kiwiko.

"Yupi huyo?" ulimuuliza asubuhi ya mwisho.

"Mimi nitawajulia wapi, Baba Yudith? Kuna mmoja analia tu, kwenye mparachichi."

"Anatosha," ulisema. Ukageuza uso kuelekea dirishani, ukasikiliza.

Unakumbukwa na mkeo mpendwa Antonia. Wanao Yudith, Obadia na Rose. Dada yako Anna wa Hombolo. Wajukuu zako wote. Mtani wako Kefa, ambaye bado anakudai chai ya pili. Mwalimu Mwantum, majirani wa Kibakwe, na wageni wote uliowapandisha mlimani.

Pumzika kwa amani, Baba. Hakuna siku itakayopita bila sisi kukukumbuka.