Mkono wa Mhehe

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Mafinga tu wazima, bibi yako anavuna viazi. Umeniuliza tulijuaje kwamba ile homa ya mafua imekwisha, nilipokuwa kijana nikichuma chai Mufindi miaka ya hamsini. Shida zake siziandiki. Wiki nyingi hakuna aliyemgusa mwenzake, nami nilikuwa Mnyakyusa peke yangu kambini.

Asubuhi moja ya Agosti umande haukuganda tena. Mhehe wa chumba cha pili akaninyooshea mkono, akanisalimia kwa Kihehe. Nikasita.

"Kamwene! We Mnyakyusa, unadhani mkono wangu unang'ata?"

Nikaushika. Hakuuachia mpaka alipouliza hali ya mama, ng'ombe, hata migomba. Nyapara akaja kutufokea kwa kuchelewa, akakuta kambi nzima inasalimiana. Naye akanyoosha mkono wake.

Nimechoka kuandika, wasalimie wote hapo.

Babu yako