Kipande cha karoti

Shoga, ngoja nikusimulie.

Leo nimempikia baba mkwe karoti na boga. Si unajua tangu apate kiharusi hatafuni wala hasemi neno? Sasa alikuwa amesinzia, nikaogopa kelele za blenda, nikaponda kwa mwiko.

Kwa mwiko! Akili zangu zilikuwa wapi?

Alipoamka nikaanza kumlisha. Kijiko cha pili tu, kipande cha karoti kikamkwama. Macho yakamtoka pima! Mama mkwe anapiga mayowe, "Umeniulia mume wangu!" Nikamwinamisha, nikampiga mgongoni, nikampiga tena. Kimya.

Shoga, kimya!

Mara akakohoa, karoti ikaruka mpaka mapajani kwa mama mkwe.

Mzee akanitazama weee. Akafungua mdomo, baba mkwe huyu huyu, akasema:

"Halafu hata chumvi hukutia."