Jina Lililovuka Mto Rusizi

Kamembe, Rusizi

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa binti yako Furaha, ambaye bado ananenepa. Mgongo wako unaendeleaje huko Kindu? Na paa la jikoni, kaka amelitengeneza ama bado anaahidi? Sisi hatujambo. Cherehani ya mume wangu, Papa Yusufu, inalia mchana kutwa, maana watu wa hapa wakikosa yote, nguo ya Ijumaa hawakosi. Yusufu wetu mdogo ameota meno mapya na anauma kila kitu.

Kubwa ni mtoto. Kwa simu nilikwambia tu ni binti, na ni mzima. Jina nilimkataza mume wangu asikwambie, nilitaka likufikie kwa mkono wangu. Sasa kaa chini.

Unajua kwa ukoo wao jina la mtoto wa kike linatoka kinywani mwa shangazi mkubwa, siku ya saba, na lazima kwanza amwone mtoto kwa macho. Shangazi mkubwa ndiye Koko Zamda, dada wa baba mkwe marehemu. Anakaa Bukavu, ng'ambo ya mto tu. Siku nyingine angevuka kwa miguu na kurudi kwake chai haijapoa. Lakini vita vya kule vimechacha tena, na wiki ile mpaka ulifungwa. Mbuzi wa akika tumeshamfunga uani, anatafuna ndoo yangu, na mtoto hana jina.

"Tumupigie kwa video," akasema Papa Yusufu. Koko akaitazama ile simu weee, kisha akasema: "Iyi ni foto. Foto haina jina." Akakata!

Nilicheka, Mama, halafu nikalia. Siku ya saba ikipita, wanaume wangechagua wenyewe, na Koko angekuwa amekosa kumpa jina mtoto wa ukoo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kwa umri ule, jambo hilo lingemuua kwa huzuni. Mimi nami nilikuwa na jina langu moyoni, lakini mke wa kuolewa hachagui.

Mama mkwe ndiye aliyetoa shauri. "Mto ni mwembamba pale unapotoka ziwani. Yeye asimame kwao, sisi kwetu, amuone mutoto."

Asubuhi ya siku ya saba tukateremka, mtoto nimemfunga kitenge chekundu. Askari wa doria akatuzuia. Papa Yusufu akamweleza yote, mpaka habari za mbuzi. Askari akacheka akasema, "Kutazama hakukatazwi. Kuvuka ndiyo hapana."

Tulipokuwa tunangoja, nikamuuliza mama mkwe, hivi mstari huu aliuweka nani? Lo, nilichokoza! Akasema zamani Mdachi alikaa upande wetu, Mbeleji upande wa Bukavu. Huko Ulaya wakagombana, na ugomvi wao wakauleta hapa. Mdachi akashindwa, ufalme wake ukaanguka, akaenda zake. Mbeleji akakaa pande zote mbili kama bwana wa wake wawili. "Wakati ule mpaka ulikuwa kamba ya kuanika nguo," akasema, "unainama, unapita. Mama ya Koko alizaliwa Rwimbogo, upande wetu huu, akaolewa ng'ambo, hakuna aliyemuuliza kartasi. Kisha Mbeleji naye akafunga mizigo. Akabeba kila kitu, mstari wake akausahau hapa." Sasa kila vita vikizuka, kamba ile inakazwa, na wanaobanwa ni mashangazi.

Mara tukamwona Koko, mgongoni kwa mjukuu wake, amebebwa kama gunia la mihogo, huku anamgombeza. Wenzake wakamshikia simu ili tumsikie, lakini yeye alipiga kelele vilevile, sauti ikatufikia mara mbili. Akaanza dua. Dua ndefu, nzuri, sisi tunaitikia amina, amina. Mama mkwe akaniambia, "Mbona anatazama kule?"

Kumbe mbele yetu kidogo kulikuwa na mama mmoja wa Nyakarenzo anafua nguo, mtoto mgongoni, kitenge chekundu!

"Koko! Ule si wetu!"

"Si wetu? Basi dua abaki nayo, haiozi!"

Yule mama akasema, "Amina, Maman, merci," akaendelea kufua. Askari alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

Nikamwinua mtoto juu kwa mikono miwili. "Mugeuze! Nione kisogo!" Nikamgeuza. Koko akakodoa macho. "Ee, ni wetu. Iyo ni kichwa ya kaka yangu, kichwa ya kubishana." Akatamka jina.

Papa Yusufu akashangaa. "Koko, jina hilo ni la nani kwetu?"

"Si la kwetu. Ni la ule mama wa Kindu. Alitupatia binti yake, na vita imemufungia njia, hakuweza kuja kupokea mujukuu. Mimi nimefika mpaka kwa maji. Yeye hata maji hajayaona. Basi na yeye afike."

Mama, mtoto anaitwa Mwamini.

Nilipiga kigelegele mimi mwenyewe, mzazi wa siku saba, bila haya, maana ndilo lile la moyoni mwangu. Wa ng'ambo wakajibu. Mpaka bado ulikuwa umefungwa tuliporudi nyumbani kumchinja mbuzi.

Nisalimie kaka na paa lake, mama mdogo anayekaanga mandazi, na mwalimu wangu wa madrasa kama bado anakumbuka ukaidi wangu. Barua hii anakuletea fundi saa, jirani yetu. Mpe ugali ashibe, njia ni mbaya.

Jana mtoto alilia mpaka nikachoka, nikamfokea: "Mwamini, nyamaza! Unanisumbua!" Halafu nikaogopa, Mama. Nikageuka kutazama mlango, kama wewe umesikia.

Akupendaye,
Furaha wako