Maneno Mawili Niliyoyaruka

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na kwamba yule jirani yako mwenye redio amehama au redio imekufa, lolote lililotangulia. Watoto ni wazima, nami ni mzima wa mwili. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu huisikii vizuri, na jambo hili siwezi kulisema kwa kupaza sauti.

Mke wangu Mwalimu hajambo kidogo. Asubuhi amekunywa chai nusu kikombe na haikurudi.

Nakumbuka ulivyofurahi Agosti nilipokuambia amepona saratani. Uliacha kufunga siku za Ijumaa, ukasema sasa ni zamu ya kushukuru. Ile habari haikuwa sahihi. Ugonjwa umerudi, sasa uko kwenye uti wa mgongo. Daktari anasema hakuna dawa ya kuuondoa, zipo za kutuliza maumivu tu.

Kosa la kukupa habari ile ni langu, na nitakueleza lilivyotokea. Siku ile ya Agosti daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Kwa sasa sioni kitu." Niliyaandika kwenye kijitabu changu, kama nilivyoandika maneno ya watu kwa miaka ishirini na sita. Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nikasema daktari amethibitisha kwamba amepona. Watu waliimba mpaka mpiga kinanda akavua koti. Nililia, mimi ambaye sikulia tulipomzika Baba.

Miezi mitano iliyofuata nilikuwa mtu mwingine. Niliomba kituoni nikisubiri basi, niliomba kwenye ngazi za ofisi. Wenzangu wa chumba cha habari wakaanza kuniita Askofu, nami nikaitika. Nilimwona Mungu yu karibu kama meza hii ninayoandikia.

Januari mgongo ukaanza kumsumbua. Picha mpya ilipotoka, nilikwenda kwa daktari kumbana kwa maneno yake mwenyewe. Nikafungua kijitabu mbele yake, kidole kikakwama pale pale: kwa sasa. Niliyeyaacha ni mimi. Mwandishi wa chini yangu akiniletea kosa kama hilo, humrudishia karatasi zake kabla sijafika mwisho.

Nilipomweleza Mwalimu, hakushangaa.

"Nilikusikia kanisani ukiyaruka," alisema. "Ulikuwa na furaha mno, nikaona haya kukusahihisha. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemkata alama mbili."

Akacheka, kisha akashika kiuno. Shangazi, hilo ndilo linalonimaliza. Miezi mitano mimi nikishangilia, yeye alikuwa akisubiri ugonjwa urudi, kitanda kimoja na mimi, peke yake.

Mchungaji ni mtu mwema. Amekuja mara nne, na kila akija huosha vikombe kabla ya kuondoka. Lakini aliniomba niuache ushuhuda ulivyo, hata niurudie kwenye wiki ya uamsho, kwa kuwa umewainua wengi. Nilimjibu kwamba gazetini tukikosea huchapisha masahihisho, ukurasa wa pili, bila maelezo marefu.

Jana niliyasoma masahihisho yangu kanisani. Sentensi tatu. Mwalimu alikaa benchi la tatu na mto mgongoni. Nilipomaliza, hakuna aliyejua afanye nini. Wanakwaya walitazamana, mpiga kinanda akakifunika kinanda chake. Amina ilisikika moja tu, nayo ilikuwa ya mke wangu.

Najua utaniuliza kama bado naamini. Magoti napiga, kwa sababu yeye hawezi tena, na anataka niende chini kwa niaba yetu sote wawili. Nikishafika huko chini sisikii chochote. Kwa hiyo nakujibu kama daktari, neno kwa neno: kwa sasa sioni kitu.

Sikuombi uanze tena kufunga, afya yako hairuhusu. Anayeomba ni Mwalimu, na si kwa ajili yake. Anasema uniombee mimi, maana yeye anajua anakokwenda, mimi ndiye ninayebaki.

Nisalimie Baba Mdogo, na binti yake mshonaji. Mwambie kanzu ya kulalia aliyoshona imemfaa Mwalimu kuliko zote, haimbani mgongo. Mungu akushike mkono. Hilo nalisema kwa kuazima imani yako, yangu leo haitoshi.

Mwana wa kaka yako akupendaye,
Mwandishi

Shangazi, utanisamehe wino mwekundu, kalamu iliyo karibu na kitanda ni hii. Nimeipitia barua yote. Safari hii hakuruka neno.
Mwalimu